Uchafu Uliopumzika Jumapili

Pale kwenye mtambo wa umeme wa jua walimwita Mganga wa Mistari. Hakuwa na tunguri wala hirizi. Alikuwa na kompyuta kuukuu, chumba chenye pazia lililofungwa mwanga usimsumbue, na macho ya kumwona sisimizi akikonyeza. Kila safu ya paneli ilikuwa na mstari wake kwenye skrini: hupanda asubuhi, hukaa juu mchana, hushuka jua likishuka. Kaitazama mistari hiyo miaka tisa, hata mkewe akinuna humwambia, "Leo umeshuka mapema."

Basi safu ya kumi na saba ikaanza vituko. Ikifika saa tisa alasiri mstari wake unadidimia, na jirani zake wako juu wanapunga upepo.

"Uchafu huo," msimamizi akasema. "Mwoshaji anategea. Mstari usipopanda kufikia Ijumaa, natafuta mwingine."

Mwoshaji ni mama mdogo wake Mganga, aliyemlea tangu anatambaa. Aliposikia, akaongeza ndoo. Safu ile akaisugua mara mbili kwa siku, paneli zikang'aa hata kunguru wakaja kujitazama na kuchagua mchumba. Mstari ukazidi kuzama.

"Mwanangu, kompyuta yako ina chuki na mimi."

"Haina chuki, mama mdogo. Haina adabu tu."

Alhamisi Mganga akafungua rekodi za mwezi mzima, siku moja moja. Jumatatu bonde, Jumanne bonde, mpaka Jumamosi. Jumapili zote, hakuna bonde. Akakuna kichwa. Uchafu gani huu unaopumzika Jumapili? Anayepumzika Jumapili anamjua, na ndiye aliyemfundisha kufunga viatu.

Saa tisa akatoka. Mama mdogo alikuwa anaanika matambara yake ya kuoshea kwenye kamba, kando ya safu ya kumi na saba. Jua limeinama, kivuli cha matambara kimelalia paneli tatu. Na paneli za safu moja ni kama wabeba jeneza: mmoja akilegea, wote wanayumba. Kadiri alivyoosha, ndivyo alivyoanika.

"Tangu lini unaanika hapa?"

"Tangu kamba ya kule ikatike, mwezi uliopita. Umekuja kunisaidia au kunichunga?"

Wakaihamishia kamba nyuma ya stoo. Ijumaa saa tisa msimamizi akainamia skrini. Mstari ukabaki juu na wenzake. Akaguna, akaenda zake.

Mama mdogo akafunua pembe ya pazia, akachungulia. Safu ya kumi na saba ilikuwa pale pale, hatua kumi.

"Mwezi mzima," akasema, "nimeanika mbele ya dirisha lako."

Mganga akalifungua pazia lote.