Faili la Waliozaliwa Zahanati

Fundi alicheka. Nikikumbuka kicheko kile, mpaka leo damu inanichemka. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu upande wa Mtinko, nimeipakata kompyuta ya zamani kwenye gari la abiria, imeviringishwa khanga mbili, mpaka Singida mjini. Nikaiweka mezani kwake. Akaipiga kofi ubavuni, vumbi likatoka.

"Mama, hii kaiuze kwa wanaonunua vyuma chakavu. Ndani yake hamna kitu."

"Ndani yake kuna watoto," nikamjibu.

Akacheka tena.

Nilipoolewa, kijijini kulikuwa na zahanati ndogo ya wamisionari, vyumba vinne na sola juu ya bati. Daktari wao, Mzungu mmoja mkimya, ndiye aliyeileta kompyuta hiyo, ya kioo cheusi na maandishi ya kijani, isiyo na kipanya, ya kuiamrisha kwa kuandika. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kujifunza kupiga taipu, akanipa kazi. Kila asubuhi nilichukua daftari la wodi ya wazazi na kuingiza kwenye mashine nani kajifungua, mtoto wa kike au wa kiume, siku gani, uzito gani, baba nani. Mwisho wa mwezi daktari alileta kompyuta yake ya kubebeka, tunaunganisha mashine mbili kwa waya, na mafaili yanahama kutoka moja kwenda nyingine polepole. Kazi hiyo ya kuhamisha nilikuwa naifanya mimi. Programu ya kuhamishia niliijua kuliko yeye.

Halafu zahanati ikafungwa. Wamisionari wakaondoka, daftari likaachwa kabatini, mchwa wakalila mpaka jalada. Hakuna aliyeuliza. Si kanisa, si serikali ya kijiji, si wazazi wenyewe. Viti viligombewa, vitanda viligombewa, hata mapazia yaligombewa na watu wazima wenye akili zao. Kompyuta haikutakiwa na mtu, nikaichukua na kuiweka stoo nyuma ya magunia ya uwele, ikakaa huko miaka mpaka watoto wangu wakawa na watoto.

Aliyenifanya niitoe ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, kitinda mimba wa nyumba yao. Wazazi wao wote wawili wameshafariki. Wifi amefagia wodi za hospitali ya mjini miaka kumi na zaidi huku akisoma masomo ya jioni, na hatimaye akapata nafasi ya chuo cha uuguzi. Alitakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa kabla ya mwezi kuisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kadi ya kliniki hana. Kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa wakamwambia, umejaza kwamba ulizaliwa zahanati, basi leta ushahidi wowote wa zahanati. Akaja kwangu, akakaa jikoni, hakulia. Aliniuliza tu, "Wifi, ile mashine bado unayo?"

Nilimpigia mume wangu, aliyekuwa Rungwa kwenye mizinga yake ya nyuki. Akasema, "Achana na hilo debe, litakupotezea siku." Nikamkatia simu. Dada yake wa tumbo moja, na yeye anaongea habari za debe!

Basi ndivyo nilivyofika kwa fundi. Akaiwasha, ikatoa mlio, kioo kikaandika kwamba diski haipo.

"Umeona? Imekufa."

Haikuwa imekufa. Kilichokufa ni betri yake ndogo ya ndani, ile inayoisaidia kukumbuka mambo yake, na ikishakufa mashine inasahau hata kwamba ina diski. Nikamwambia afungue kifuniko, asome namba zilizobandikwa mgongoni mwa diski, aziingize kwa mkono. Alinitazama kama anayetazama kuku akiongea. Akaziingiza. Diski ikanguruma, maandishi ya kijani yakatokea, na hapo ndani lilikuwepo faili langu la mwaka aliozaliwa wifi, na jina nililolipa mimi mwenyewe.

Ungedhani angeomba radhi. Akaanza kunieleza jinsi ya kulitoa! Akachomoa diski, akaichomeka kwenye kifaa chake cha kisasa, kifaa hakikuitambua. Akaichomeka tena kwa nguvu. Nikamshika mkono, nikamwambia airudishe ilipokuwa, na sauti niliyotumia haikuwa ya kumwambia mtoto wa watu. Mashine haina pa kuchomeka flashi, na mdomo wake wa disketi ulishakufa kwa vumbi tangu enzi za daktari. Njia ilikuwa moja tu, waya.

Laptop ya fundi haina tundu la waya wa namna ile, ila kwenye boksi lake la takataka kulikuwa na kigeuzi, kipande kidogo kinachounganisha tundu la kisasa na la zamani. Akaunga waya kwa risasi ya kuyeyushwa, mchana mzima, akijisifu. Tukawasha. Kimya. Hakuna hata herufi moja iliyovuka.

"Programu yako ndiyo mbovu, mama."

"Nionyeshe ulivyounga."

Alikuwa ameunga moja kwa moja, kama anayeunga waya wa taa. Mashine mbili haziungwi hivyo. Waya wa kusemea wa huku lazima uingie kwenye waya wa kusikilizia wa kule, na wa kule uje huku, vipishane. Kwa alivyounga yeye, wote wawili wanasema na hakuna anayesikia, kama kikao cha ukoo wetu. Nikamwambia hivyo hivyo. Safari hii hakucheka, akawasha chuma chake cha kuungia, akavipishanisha.

Siku ya pili herufi zilivuka, lakini takataka tupu, nyota na mabano na alama zisizo na jina. Hiyo niliijua hata kabla sijakaa, mwendo haukulingana. Laptop ilikuwa inasikiliza haraka kuliko mashine yangu inavyosema. Nikapunguza huku na kule mpaka zikalingana, nikatuma. Namba zikahesabu vizuri, taratibu, na mwisho kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika.

Uongo. Nilifungua faili upande wa pili nikakuta mwezi mmoja tu. Januari peke yake. Nikatuma tena, Januari. Nikatuma mara ya tatu, Januari, na kila mara kioo kinaniambia kazi imekamilika. Mtu akikudanganya mara moja unaweza kumsamehe. Nilipiga meza mpaka chai ya fundi ikamwagika, nikaitukana mashine ile kwa Kiswahili, nilipoishiwa nikahamia Kinyaturu, ambacho kwa matusi kina akiba kubwa. Wifi alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Akasema, "Wifi, tuache tu. Labda haikuandikwa." Upole wake ndio ulionikera zaidi. Nikamjibu kwa ukali, "Niliandika! Niliandika kila mtoto, sikuruka hata mmoja. Mashine ndiyo inakata watu."

Usiku ule sikupata jibu, nililipata asubuhi nikifua uani kwa wifi, nilikofikia mjini. Zamani, kila mwaka ulipoisha, niliunganisha mafaili ya miezi kuwa faili moja, na kila mwezi ulikuja na alama yake ya mwisho wa faili. Alama hizo zilibaki katikati. Programu ile ina njia mbili za kuhamisha. Ya kwanza inasoma kama maandishi, ikikutana na alama ya mwisho inasimama na kumshukuru Mungu. Ya pili inachukua kila kitu kama kilivyo bila kusoma. Tulikuwa tunatumia ya kwanza. Niliacha nguo kwenye beseni.

Nikabadilisha njia, nikatuma. Ilipobaki kidogo umeme ukakatika, nami nikaishiwa hata matusi. Umeme uliporudi tukaanza upya, namba za diski kwa mkono, mwendo, njia ya pili, tuma. Fundi mwenyewe alimfukuza mteja aliyekuja kubadilisha kioo cha simu. Likafika lote. Januari mpaka Desemba.

Nikateremka na miezi mpaka Septemba, mwezi wa wifi. Nilijua ni lini, maana alizaliwa enzi zile nikifanya kazi zahanati. Nikaona tarehe yake, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo. Nikamwita aje asome mwenyewe. Akasogea, akainama, akasoma kwa sauti safu ya mama na safu ya baba.

"Mama Mkwe," akasoma. "Baba Mkwe."

Akasoma tena. Halafu akaniuliza taratibu, "Wifi, hukuandika jina la mama?"

Sikuwa nimeliandika. Ile asubuhi ilinirudia yote. Nilikuwa bi harusi wa mwaka mmoja, mama mkwe wangu amejifungua usiku katika wodi niliyokuwa nafanya kazi, na aibu ilikuwa imetujaa sote wawili, sikuthubutu hata kuchungulia mlangoni. Katika ukoo nilioolewa, mkwe humtaji kwa jina lake. Hata kitu kinachofanana na jina lake unakitafutia neno lingine. Nami nilifundishwa kuchapa kwa kusoma kwa sauti ili nisikosee. Nilipofika kwenye mstari wao mdomo ukakataa, nikaandika kwa heshima, nikaridhika, nikaenda mstari unaofuata. Daftari lilikuwa na majina yao kamili, kwa mkono wa muuguzi. Daftari wakalila mchwa.

Nyani haoni kundule. Siku tatu nimemtukana fundi, nimeitukana mashine, nimemkatia simu mume wangu, namtafuta anayekata watu, kumbe mkataji ni mimi. Mashine ilitunza sawasawa nilichoipa. Ningekuwa na haki ya kuivunja ningeivunja, lakini haikuwa na kosa, na hasira isiyo na pa kwenda inachoma aliyenayo. Nilimwambia wifi, "Nipige." Akanishika tu bega. Afadhali angenipiga.

Fundi alitoa nakala, wifi akaipeleka ofisini, mimi nikimfuata nyuma kama mshitakiwa. Afisa akaisoma mara mbili. "Tarehe ipo, zahanati ipo. Ila huyu ni mama mkwe wa nani?" Nikasema, wangu. Akasema kama aliyeandika yu hai, basi aende kwa wakili akaape ni nani hasa aliyemkusudia, kwa jina.

Cheti kilitoka zimebaki siku mbili mwezi kuisha, na wifi sasa yuko chuoni. Lakini pale kwa wakili sitapasahau.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, ana haraka. Aliniapisha, akaweka kalamu tayari. "Jina la mama mzazi wa mwombaji?"

Wifi akasema kutoka nyuma yangu, "Acha nilitaje mimi, kwake jina hilo ni zito." Wakili akakataa, kiapo ni cha anayeapa.

Mama yule nilimuuguza miezi minane. Nilimlisha uji, nilimwogesha siku yake ya mwisho, niliutazama udongo ukimfunika. Tulikaa nyumba moja miaka ishirini na sita na jina lake sikulitia mdomoni hata siku moja, nikidhani namheshimu. Na kwa heshima hiyo nilikuwa nimemfuta katika karatasi pekee iliyosema kwamba aliwahi kuzaa. Nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu mwingine.

Nikalitaja.

"Sauti, mama, sijasikia."

Nikalitaja tena, kwa hasira, kwa nguvu, jina lake, la baba yake na la ukoo wake, mpaka watu waliokuwa wakisubiri kwenye korido wakageuza shingo. Nyuma yangu wifi akaitika kwa sauti ya chini, badala ya mama yake.

"Abee."

Wakili akaandika.