Pangaboi na mumewe: 'Wivu wangu ni wa ndege'

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri, jeti imekwisha ondolewa ngazi na inajivuta taratibu kuelekea njia ya kurukia. Taa za mabawa zinawaka na kuzima. Ndani yake, kiti cha kulia, amekaa rubani msaidizi mwenye viatu vinavyong'aa.

Mke wake amesimama kwenye kona ya uwanja zinakoegeshwa ndege ndogo, chini ya bawa la ndege ya mapanga mawili, tochi mkononi. Anapaswa kukagua tairi. Hakagui tairi. Anaitazama jeti.

"Nenda tu," anaiambia. "Nenda, umeshaonekana."

Fundi aliye juu ya ngazi anamimina oili. Anacheka mpaka oili inamteleza kwenye mkono. "Pangaboi, unamuaga mume au unamfukuza?"

"Naifukuza ndege. Mume atarudi kula."

Jeti inanguruma, inakimbia, inanyanyua pua. Mwanamke anaisindikiza kwa macho mpaka inazama mawinguni. Kisha anapiga magoti mbele ya tairi na kuanza kazi, uso umemkaza kama mtu aliyepitwa na basi.

Naye wakati huo alikuwa rubani msaidizi. Jina la Pangaboi alipewa na marubani waliofanya kazi na mumewe siku alipoikataa kampuni ya jeti akachagua hii ya ndege za mapanga. Walisema ameacha ndege akaenda kupanda feni ya darini. Walitegemea atanuna. Akalichukua jina, na leo hata mlinzi wa geti humsalimia nalo.

"Watu wakisikia nina wivu wanafikiria wale wahudumu wenye skafu shingoni," anasema. "Wifi yangu alinivuta pembeni siku ya harusi. 'Wifi, kwenye jeti kuna wasichana watatu wazuri, huogopi?' Nikamwambia, wifi yangu, hao mimi hata siwaoni. Mimi nina wivu na ndege."

Walikutana chuo cha urubani, wakigombea ndege moja ya mazoezi yenye viti vinne. Pangaboi alikuwa ametoka kwenye kaunta ya kukatia tiketi, ambako kwa miaka aliwapangia watu viti vya dirishani huku yeye hajawahi kupanda. Mwanamume alitoka moja kwa moja shuleni, ada amelipiwa na baba.

Kila kitu mwanamume alitangulia. Aliruka peke yake kwanza. Leseni aliipata asubuhi, mwenzake akaipata mchana wa siku hiyo hiyo. "Hata kuzaliwa kanitangulia miezi mitano," anasema Pangaboi. "Kuposa pia alianza yeye, ila hapo nilimsukuma."

Miezi mitano hiyo ndiyo iliyomchagulia kazi.

Marubani wana kitu wanachokiita foleni. Siku unayoajiriwa ndiyo nafasi yako. Likizo, safari nzuri, kituo cha karibu na kwenu, kiti cha kushoto cha kapteni, vyote hugawiwa kuanzia mbele ya foleni kwenda nyuma. Walioajiriwa siku moja hupangwa kwa umri. Na kampuni ya jeti iliwaita wote wawili waanze siku moja.

"Nikapiga picha kichwani," anasema. "Mimi na nywele nyeupe, bado nimesimama nyuma ya kisogo chake. Anachagua likizo, nachukua iliyobaki. Anakuwa kapteni, nampigia makofi. Usiku tunalala kitanda kimoja, asubuhi niko nyuma yake tena. Hapana."

Kampuni nyingine iliyomwita ilikuwa hii. Ndege za viti arobaini zenye kelele. Mshahara nusu ya ule wa jeti. Viwanja vingine vya changarawe, ambako kabla ya kutua lazima mlinzi apite na pikipiki kufukuza mbuzi. Lakini foleni yake ilikuwa fupi, na kwa siku moja rubani mgeni alitua mara sita.

Mama mkwe alisikitika waziwazi. "Mwanangu, gari kubwa lipo mlangoni, wewe unakwenda kudandia kigari?"

"Mama," akamjibu, "kwenye kigari naendesha."

Wengine aliwaambia kwamba anataka kulala nyumbani kila siku. Wakamsifu kuwa mke mwema. Anacheka sana akifika hapo. "Mke mwema! Ulikuwa wivu mtupu. Ila ulinichagulia vizuri kuliko akili."

Hesabu ilianza kugeuka polepole. Kampuni ya jeti ilikuwa na marubani wengi kuliko safari. Mume akawekwa zamu za akiba, maana yake ukae nyumbani umevaa sare kamili, simu mkononi, usubiri kuitwa. Mara nyingi hakuna anayepiga.

"Viatu vyangu vinang'aa kwa sababu havitembei," anasema mume huyo, mtu mpole mwenye sauti ya chini. "Yeye anaingia jioni kachoka, koti linanuka mafuta. Mimi nimechoka kukaa. Kuna siku nilichukua lile koti nikalinusa. Akanikuta. Nikasema naangalia kama linahitaji kufuliwa."

"Nikamwambia alirudishe msumarini," anadakia mke. "Harufu ni yangu."

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, lazima kujua neno moja la kazi yao. Ndege ina usukani mbele ya kila kiti cha rubani, na marubani hupokezana. Anayetoa husema, "Ndege yako." Anayepokea hujibu, "Ndege yangu." Mpaka jibu lisikike, mtoaji haachii. Mwalimu wao wa chuo, mzee mwenye kikohozi, alikuwa akiwapiga rula vidoleni kwa kosa la kuachia mapema. Siku moja wote wawili waliachia, kila mmoja akidhani mwenzake ameshika. Mwalimu akapiga kelele kutoka nyuma: "Jamani, ndege haina mwenyewe!"

Wakaoana na maneno yale wakaingia nayo ndani. Sufuria ya moto, funguo, mtoto wa jirani aliyelala begani, vyote hupokezwa hivyo. Yako. Yangu.

Kisha ikaja meza. Ilikuwa meza ya kioo, zawadi ya wifi, na walikuwa wakiipandisha ghorofa ya tatu. Mume juu, mke chini. Kwenye kona ya ngazi mume akataka kubadilisha mkono. Akasema, "Yako," akaachia.

Jirani wa ghorofa ya pili alifungua mlango akakuta vioo mpaka kwenye kapeti lake, na watu wawili wazima wakibishana.

"Nilisema yako!"

"Na mimi nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Basi ilikuwa bado ya nani?"

Mume akavitazama vioo. Akachutama akaanza kuokota.

Miguu ya meza ipo hadi leo, imesimama sebuleni na ubao wa plaiwudi juu yake.

Ilipofika msimu wa mvua, kampuni ya jeti ilitangaza kufunga kituo cha mji huu. Marubani wote wangehamishiwa kituo cha mbali, mwendo wa siku nzima kwa barabara. Mume akaomba kazi kwenye kampuni ya mkewe.

Kampuni hii ina utaratibu wake. Rubani mkuu, mzee mnene anayekunywa chai amesimama, humwita kila rubani anayemfahamu mwombaji na kumuuliza swali moja tu: siku ya mawingu mabaya, ungependa huyu akae kando yako? Jibu hutolewa kwa mdomo, halirudiwi kwa mtu mwingine. Ukisema hapana, mwombaji huambiwa nafasi zimejaa.

Pangaboi aliitwa wiki ambayo yeye mwenyewe alikuwa akijiandaa na mtihani wa ukapteni.

"Mimi hapo nilitakiwa nifurahi," anasema. "Angekuja angekuwa nyuma yangu kwenye foleni mpaka tuzeeke. Lakini hata nyuma sikumtaka. Nyumba alinitafutia yeye. Gari alinifundisha yeye. Hii kampuni ndiyo kitu pekee nilichokishika kabla yake. Nilitaka kiwe changu peke yangu, kama mtoto na andazi."

Neno moja lingetosha. Mume angehama, wangeonana kwa simu, naye asingejua kamwe aliyemfungia mlango. Pangaboi aliomba apewe siku mbili. Siku hizo, anasema, alikuwa akimpakulia mumewe chakula huku hawezi kumtazama usoni.

Siku ya tatu akaingia ofisini.

"Ana mkono mzuri kuliko wangu," akamwambia rubani mkuu. "Lakini huachia kabla hajajibiwa."

"Umemwona lini?"

"Kwenye ngazi."

"Ngazi ya ndege?"

"Ya nyumbani, mzee. Tulikuwa tumebeba meza."

Rubani mkuu akaweka kikombe chini, jambo ambalo wafanyakazi wanasema hulifanya kwa nadra. "Mama, huo ni wivu au ni kazi?"

"Nimejiuliza siku mbili. Naona ni vyote viwili."

"Ningekuwa na hakika na kimoja, ningejua la kufanya," akasema mzee. "Nenda. Nitamwangalia mwenyewe."

Jioni ile mume alikuwa kwenye kochi na sare yake, simu magotini.

"Wamekuita?" akauliza.

"Wameniita."

"Ukasema nini?"

"Nikasema una mkono mzuri. Na nikasema unaachia mapema."

Mume akautazama ule ubao wa plaiwudi. "Mke wangu. Ile meza mpaka kazini?"

"Ilikuwa ya kioo."

"Ungenyamaza tu! Mume wako huyu. Ungesema ndiyo, basi."

"Na nikiwa kiti cha kushoto, na wewe kulia, na mvua, ukaniachia hivyo? Nimwambie nani 'sikujibu'?"

Mke alilala chumbani, mume akabaki kochini. Asubuhi mke alikuta chai imeandaliwa kikombe kimoja tu, cha mume. Siku tatu walipeana chumvi bila maneno, kitu ambacho kwao ni zaidi ya matusi.

Siku ya nne mume aliitwa kwenye mashine ya mazoezi, chumba kinachotikisika na kuonyesha mawingu ya uongo. Rubani mkuu alikaa naye mwenyewe. Akamzimia injini moja, akamletea mvua, akamletea upepo wa ubavuni. Kisha akamwamuru ampe ndege.

"Ndege yako," akasema mume.

Rubani mkuu hakujibu. Alikuwa akitazama dirishani kama mtu anayesubiri basi.

"Ndege yako, mzee."

Mzee akaendelea kutazama dirishani.

"Mzee, ndege yako!"

Mzee akakohoa, akatafuta leso yake, akajifuta pua. Mume hakuachia. Aliishika mpaka chini, akatua nayo, vidole vimekufa ganzi.

"Mbona hukuniachia?" rubani mkuu akamuuliza taa zilipowashwa. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Nina meza nyumbani haina kioo," akajibu.

Rubani mkuu anasimulia kisa hiki kwa kila anayekuja kuomba kazi, na kila mara huishia hapo, anachukua kikombe chake, anasimama.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa baada ya hapo. Kituo cha jeti kilifungwa. Ofisi yake sasa inapokea vifurushi. Wale marubani wa jeti waliompa mke jina wako kituo cha mbali, wawili kati yao wameomba kazi kwenye kampuni ya mapanga, na Pangaboi ameulizwa habari zao. Amejibu. Hasemi alijibu nini.

Mwalimu wa chuo amestaafu, kikohozi kimepungua. Fundi yupo juu ya ngazi ile ile. Wifi ameahidi meza nyingine na hajaileta. Mama mkwe huwaambia majirani kwamba mwanawe anaendesha ndege na mkewe anamsaidia, na akirekebishwa husema ni kitu kimoja.

Mume alipata kazi, na ni wa mwisho kwenye foleni. Viatu vyake vina vumbi la changarawe. Anasema halipanguswi vizuri, na anasema hivyo kwa kuringa.

Pangaboi alifaulu mtihani wa ukapteni mara ya pili, ya kwanza alianguka. Ana mistari minne begani. Mpango wake ni kuwa mkufunzi, aketi kiti cha nyuma na rula. Akiulizwa kuhusu jeti, anasema anazisubiri: kampuni yake inazungumzia kuleta moja, na anataka siku itakapotua hapa, foleni ya kuikalia ianze na yeye. "Aliyezaliwa kabla yangu atasubiri," anasema. Wakati huo jeti ya kampuni nyingine inapita juu, naye anaisindikiza kwa macho mpaka ipotee.

Wamepangwa pamoja mara moja tu, safari ya mchana, mvua, viti vyote vimejaa. Mume ndiye aliyerusha. Walipokaribia kushuka, alisema, "Ndege yako." Hakuachia.

Kapteni alitazama mvua. Akaweka sawa miwani yake. Akautazama mkono wa mumewe, umeshika, unasubiri. Kisha akasema, "Ndege yangu."

Anakiri alimchelewesha makusudi. Abiria walishuka wote, wakafungua miavuli. Meza bado ina plaiwudi.