Kitanda cha Kushoto

Miaka ishirini na zaidi Fosca alikuwa akipita mbele ya kibao kile cha kaburi la kale kando ya njia, asubuhi akienda kufua mashuka ya wageni hotelini, jioni akirudi, na hakuwahi kujua kimeandikwa nini. Shule aliisikia kwa wenzake tu. Herufi aliziona kama alivyouona mchanga mweusi wa ufuko wa Baratti: unang'aa, basi.

Jumapili hiyo ya Mei wenyeji waliruhusiwa kuingia bure kwenye makaburi ya Waetruski, watu wa kale wa Italia, na jirani yake Isolina akamvuta mkono.

"Twende, shoga. Wajerumani wanakesha njiani kuja kuona mawe yetu, sisi tunayapa mgongo!"

"Mimi niliyaona kabla ya Wajerumani wako," Fosca alisema.

Isolina alicheka, akidhani ni mzaha. Hakujua kwamba ndani ya mkoba wa mwenzake, kwenye leso, mlikuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukiona.

Fosca alikuwa na miaka kumi na tisa siku kondoo wake alipotumbukia shimoni, katikati ya yale marundo ya mavi ya chuma yaliyoachwa na tanuri za kale. Alipoteremka kumtoa alijikuta katika chumba cha mawe chenye vitanda viwili vya mawe. Kitanda cha kulia kilikuwa na mifupa mirefu na ncha ya mkuki. Cha kushoto kilikuwa na mifupa myembamba, kioo cha shaba cha kujitazamia kifuani, na kando ya mkono kitufe cha udongo chenye tundu, kile kinachotia uzito kijiti cha kusokotea sufu. Bibi yake alikuwa nacho cha namna hiyohiyo jikoni. Kwa hiyo hakuogopa.

"Samahani, mama," alimwambia yule wa kushoto. Akakitia kitufe mfukoni, hata yeye hajui kwa nini, akampandisha kondoo.

Kosa lake lilikuwa kumwambia mchumba wake, Olinto. Olinto alikuja na gunia saa nane mchana, watu wakiwa wamelala baada ya chakula. Alichukua kioo, kisha akaikomba mifupa ya vitanda vyote kwa sepetu, aone kama chini yake mna kitu. Fosca alimmulikia kwa kurunzi. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko yote: hakuna aliyemlazimisha kushika kurunzi.

Kioo kikageuka pikipiki. Pikipiki hiyo ilimpeleka Fosca kanisani kuolewa, na miaka kumi na minne baadaye ikawapakia Olinto na mwanamke mmoja mshonaji hadi mji wa Piombino, isirudi. Neno moja tu Olinto alimwachia: "Fungua mdomo uone. Jela tutakwenda wote, wewe mbele." Akaamini. Akafua mashuka.

Sasa Isolina alisimama mbele ya kibao cha kaburi hilohilo, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Kaburi la Mashujaa Wawili."

"Wawili gani?"

"Wanaume wa vita. Wanasema hapakupatikana hata kitu kimoja cha kike."

"Waongo!"

"Fosca! Mvinyo wa paroko umekupanda kichwani?"

 Fosca alikwenda moja kwa moja hadi kibanda cha tiketi, alipokuwa Marilena, binti anayetembeza wageni, akafungua leso mbele yake.

"Kilikuwa kitanda cha kushoto. Alikuwa mwanamke. Alikuwa na kioo pia."

Marilena alikishika kitufe kwa vidole viwili, akakigeuza polepole. "Mama, hiki ni cha kale kweli. Umekipata lini?"

Fosca akasimulia yote, na kondoo, na kurunzi. Isolina akaivua miwani yake.

"Mimi nakuamini," Marilena alisema mwishowe. "Lakini vitufe hivi hata jembe linavifukua mashambani. Kingekutwa pale kitandani, kingesema chenyewe. Sasa hakisemi kitu. Kuna mwingine aliyekiona?"

"Hiki, hakuna. Kioo alikiona Olinto."

"Aje aeleze basi. Sidhani kama atafungwa, ni zamani mno."

"Hatafungwa?"

"Sidhani, mama."

Fosca alishika ukingo wa meza. "Alikufa Februari," alisema. "Nilingoja afe ndipo nije."

Marilena alitazama chini. Kisha akachukua kadi, akaandika, akaifunga kwenye kitufe kwa uzi.

"Umeandika nini?"

"Kitufe cha kusokotea. Kimeletwa na mwenyeji. Mahali kilipotoka hapajulikani."

"Mimi napajua."

"Ndiyo, mama."

Walirudi kwa njia ileile. Kaburini baba mmoja alikuwa akiwaeleza wanawe jinsi mashujaa wawili walivyokufa siku moja vitani, bega kwa bega, na watoto wakipigana kwa fimbo juu ya kitanda cha kushoto. Fosca alingoja watoke. Walipotoka, wakaingia wengine, na nyuma yao wengine.

"Twende, shoga," Isolina alisema, kwa upole safari hii.

Fosca aliinama mlangoni, akatia kichwa ndani kati ya miguu ya wageni. "Samahani, mama," alisema. Bibi mmoja mwenye kamera alidhani anaambiwa yeye, akasogea kumpisha.