Kabichi Mahali pa Asumini

Baba alipofariki, Mungu amrehemu, alimwachia Mama eda ya miezi minne na siku kumi, na kabichi kumi na nne uani ambazo Mama hakutaka hata kuzitia machoni. Waliokuja kutoa mkono wa pole walimkuta amekaa mkavu, chozi halimtoki, wakasema mashaallah, bibi huyu ana subira. Subira gani! Mimi niliyekuwa nikiishi nao nyumba moja ndiye niliyejua kwamba mumewe amemfia naye amemnunia, na sababu yenyewe ni mboga.

Nyumba yetu iko Ng'ambo, hapa mjini Unguja, na uani kwake kuna kipande cha udongo ambacho ukitandika mikeka minne kimekwisha. Mama alikuwa na mwasumini wake hapo tangu mimi sijaanza chuoni kusoma Kurani. Kila alasiri akichuma maua, akitunga vikuba vya kubandika kifuani, mengine akiyamwaga kitandani. Baba naye, baada ya kustaafu kazi ya shamba kule Kizimbani, alikuwa hana cha kupogoa. Umri wake mzima alikuwa na kisu mkononi na mti mbele yake, mara akajikuta anashinda barazani anasikiliza redio. Ndipo alipoingiwa na kabichi. Watu walimwambia kabichi inataka baridi, ndiyo maana tunaletewa na meli kutoka bara, hapa Unguja itatoa majani tu, haitafunga kichwa. Kumwambia Baba kitu hakiwezekani ilikuwa ni kumtuma akakifanye. Akaotesha miche kwenye madumu aliyoyakata, na Jumamosi moja Mama akaenda harusini Bububu. Aliporudi, mwasumini haupo. Miche imesimama mstari mahali pake, imeshamwagiliwa maji, na Baba pembeni anatabasamu.

Mama hakupiga kelele, na heri angepiga. Alivua buibui, akalikunja, akaingia jikoni, na tangu hapo hakumsemesha. Chakula alimwekea, nguo alimpigia pasi, maji ya kuoga alimtilia, lakini neno halikumtoka. Ijumaa iliyofuata Baba alirudi kutoka msikitini asubuhi akasema kifua kinambana. Kabla ya adhuhuri alikuwa hayupo tena.

Siku ya kumi ya eda Mama akaniita.

"Abee," nikaitika.

"Ving'oe vile vitu vya baba yako."

Nikamwambia sing'oi. Nilikuwa nimechoka, nina hasira na kila mtu, nikamwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unaniwaka: "Baba yuko kaburini, na wewe bado unamnunia tu?" Mama alinitazama, kisha akageukia ukuta. Niliona haya. Lakini kabichi sikuzing'oa. Niliazimia zifunge, hata moja tu, kabla eda haijaisha, Mama aione kwa macho yake, ajue mwasumini wake haukung'olewa bure. Nilidhani hapo ndipo atakapomsamehe, na yale machozi yatatoka. Nilikuwa namwogopea, maana alikuwa hata jina la Baba hataji.

Sasa, mimi na kilimo wapi na wapi! Kazi yangu ni ya ofisini, chuo kimoja huko Tunguu, kupiga mihuri na kutafuta mafaili. Nikatazama video kwenye simu, nikamwona mtu anakata majani ya chini ya kabichi yake, nikaelewa vile nilivyotaka kuelewa: ukikata majani, nguvu zinakwenda katikati. Basi ikiwa kukata machache kunasaidia, kukata mengi si kutasaidia zaidi? Kila jioni nikirudi kazini, hata viatu sijavua, nimeshashika kisu. Yale majani niliyapika kwa nazi na bizari, nikayaweka mbele ya Mama. Alikula wali mtupu, mboga akaisogeza pembeni ya sahani.

Hazikupita wiki nyingi, kabichi tatu zikawa vijiti. Mbili zikaoza palepale nilipokata. Zilizobaki zikadumaa, zimesimama kama kuku walionyonyolewa manyoya, na viwavi wakazifanya kwao. Nikawa naogopa kwenda uani.

Asubuhi moja ya Jumapili, eda imeshafika nusu, nimechuchumaa na kisu changu, nikasikia nyuma yangu: "Khaa! Wewe mtoto, unazipunguza au unazichinja?"

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kanga zake kuukuu, uso hauna wanja.

"Nnakata majani, Mama, nguvu ziende katikati."

"Nguvu zitoke wapi, nawe ushazivua nguo zote? Lete hicho kisu."

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mstari. Jani lililogeuka manjano, kata. Jani linalolala juu ya udongo, kata, maana hilo ndilo ngazi ya wadudu. Haya mapana ya nje ambayo ni mazima yaache, ndiyo yanayoilisha. Ya katikati yanayoanza kujikunja, hata kidole usitie. Vichipukizi vya ubavuni vivunje vingali vidogo. Na ukate asubuhi, kidonda kipate jua kikauke, si magharibi kikalala na unyevu. Alikuwa akisema huku mkono unakwenda, jani moja kwenye mche huu, mawili ule, mwengine akaupita bila ya kuugusa. Alipomaliza akaniagiza majivu ya jikoni, akayanyunyiza juu yake kidogo kidogo.

Nilibaki namkodolea macho. Mama yangu huyu hajapata kupanda hata mchicha.

"Mama, haya nani kakufundisha?"

"Baba yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu tumzike.

"Si mlikuwa hamsemeshani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa simsemeshi. Yeye kinywa chake hakikufungwa. Kila jioni akija kukaa hapa, anazisemesha kabichi, kwa sauti ya kunifikia mimi kule jikoni. 'Kabichi, sikilizeni. Jani likigusa udongo ntalikata asubuhi, msije mkanilaumu.' Somo zima akizisomea. Alijua nnasikia."

Akaokota majani aliyoyakata, akayapanga mapajani, kubwa chini, dogo juu. Nikadhani amemaliza.

"Alhamisi ile ya mwisho," akasema, "alizimwagilia maji zote. Kisha akasema, 'Kabichi, hebu niulizieni kwa bibi huyo, adhabu yangu imebaki siku ngapi?'"

Nikachuchumaa karibu yake.

"Nilicheka, mwanangu. Nliuma ncha ya kanga asinisikie. Nlikuwa nshamsamehe tangu Jumanne. Lakini alivyokuwa akinibembeleza vile, nlikuwa naona raha. Nkasema moyoni, na anibembeleze siku moja tu zaidi."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, majani yakamwagika, nami nikampigia magoti palepale kwenye tope nikamshika. Nikamwomba radhi kwa maneno yangu yale ya siku ya kumi. Akaniambia nshakusamehe, akanishika kichwa, akaendelea kulia mpaka jua likatuingilia uani na tukalazimika kuinuka.

Tangu siku ile kisu kikawa chake. Kati ya zile tisa zilizosalimika, nne zilifunga. Hazikuwa kubwa, moja inatosha kachumbari ya watu watatu, lakini ukiibonyeza ni ngumu, imejaa. Asubuhi aliyoikata ya kwanza, zilikuwa zimebaki siku chache eda imalizike. Aliishika kwa mikono miwili, akaipangusa udongo kwa kanga, akaniuliza kama kwamba mazungumzo yetu hayakupata kukatika:

"Unafikiri alijua kama nshamsamehe?"

"Alijua, Mama," nikamjibu upesi. "Alijua kabisa."

Akaigeuza kabichi mikononi.

"Muongo wewe," akasema, akaingia nayo jikoni.