Masaa Tisa Angani

Fundi cherehani hakuwahi kupanda ndege, wala hakuwa na hamu nayo. Lakini mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alimpigia simu kutoka mji wa mbali alikokwenda kutafuta maisha. Angepasuliwa tumbo Alhamisi asubuhi.

"Dada, nikifumbua macho nisikute sura ngeni tupu," alimwambia.

Dada huyo alikuwa na kinyongo naye cha miaka. Mama yao alipofariki, mdogo mtu hakuja kuzika, akasingizia umbali. Hata hivyo, damu ni damu. Fundi akaenda kukata tiketi, na mwanamke wa ofisini akamwambia kwamba kati ya miji hiyo miwili ni kilomita elfu saba na ushei, masaa tisa angani. Akapiga hesabu: akiondoka Jumatano asubuhi, jioni wako pamoja. Akaacha sare za shule bila vifungo, akafunga duka.

Kumbe masaa tisa yalikuwa ya kuruka tu. Hakuna aliyemhesabia foleni za ukaguzi, wala kushushwa katikati ya safari kungojea ndege ya pili. Na hiyo ya pili ikaharibika. Abiria wakaambiwa wavute subira, baadaye wakaambiwa waivute tena. Usiku ukawakutia pale pale. Viti vilikuwa vya chuma, vimetenganishwa kwa mikono ya chuma, mtu asipate hata pa kujinyoosha. Miguu ya fundi ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Akavivua na kuvipakata kama mtoto.

Kulipopambazuka, bwana mmoja wa makamo aliyeketi jirani akamwuliza, "Unaenda kwa nani, mama?"

"Kwa mdogo wangu. Anapasuliwa."

"Lini?"

Fundi akatazama nje, kulikokuwa kweupe. "Sasa hivi."

Yule bwana akamsogezea chupa yake ya maji.

Alifika hospitalini Alhamisi jioni, nguo zimemganda mwilini, masikio bado yanavuma. Mdogo wake alikuwa chali kitandani, midomo imemkauka, macho wazi.

"Umechelewa, dada."

"Waliniambia masaa tisa."

Mgonjwa akataka kucheka, kidonda kikamkataza. Fundi akavuta kiti, akalowesha kitambaa na kumpangusa midomo. Mikono yake ilikuwa mizito kama si yake.

"Siku ile ya mama," alisema, "niliwaambia watu ungetaka ungefika."

"Nilisikia."

"Nilisema ni mwendo wa siku moja tu."

"Nilikaa uwanja wa ndege siku mbili, dada. Nilipoambiwa mmeshazika, nikarudi zangu kazini."

"Mbona hukusema?"

"Ungeamini?"

Fundi alifikiri, akaona kwamba asingeamini. Alitaka kumwomba radhi vizuri, kwa maneno yaliyokamilika, lakini usingizi ulishamzidi nguvu. Akalaza kichwa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya mkono wa mdogo wake. Muuguzi alipokuja kumwambia muda wa wageni umekwisha, mgonjwa akamwomba amwache.

Radhi aliiomba siku iliyofuata, baada ya kulala na kuoga. Akakaa naye mpaka mdogo wake alipoweza kupanda ngazi mwenyewe, wakimzungumzia mama kila jioni, polepole, kama watu waliochoka kubeba kitu kimoja kila mmoja upande wake.