Nywele za Uzi

Mdogo wangu alinitangulia shule, na mpaka leo nina wajukuu bado linaniuma.

Kijiji chetu huko Handeni kilikuwa kipya. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani, nyumba zikapangwa mistari, na wazazi wakafyatua matofali ya shule kabla hawajamaliza kuezeka kwao. Ilipotangazwa siku ya kuandikisha darasa la kwanza, katika kila nyumba ulizuka ubishi uleule: mtoto gani ametimiza miaka? Vyeti hatukuwa navyo. Mama alijua tu kwamba mimi nilizaliwa wakati wa njaa, na mdogo wangu baada ya mavuno mazuri yaliyofuata. Baba alitaka tungoje wote wawili, kwani nani angefukuza ngedere kwenye mahindi? Mama akakata shauri: aende mkubwa. Mkubwa nilikuwa mimi, na sketi ya shule ikashonwa kwa kipimo changu.

Siku moja kabla, mama alinikalisha mkekani akanisuka nywele kwa uzi mweusi, akaziunganisha utosini zikasimama kama kishikio cha kikapu. Mdogo wangu alikuwa na mapunye, kichwa kimenyolewa kipara na kupakwa dawa. Alizitazama nywele zangu akalia. Mimi nikazidi kuringa.

"Zichezee uone," mama aliniambia. "Nataka mwalimu ajue una mama."

Asubuhi tulikwenda watatu, maana mdogo wangu aligoma kubaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto."

Ndivyo miaka ilivyopimwa. Aliyefika sikio amekua, asiyefika arudi kwao. Nikaupitisha mkono juu kabisa, juu ya zile nywele, nisiziguse, kama nilivyoonywa. Vidole vikaishia hewani.

"Mwakani," mwalimu akasema.

"Mwalimu, huyu ndiye mkubwa," mama akasema.

"Mama, mkono umeshasema. Na huyo kipara?"

Mdogo wangu hakungoja kuitwa mara ya pili. Mkono ulilala juu ya kipara chake, akalikamata sikio akalivuta kabisa. Mwalimu akacheka, akamwandika.

Tukashika njia ya nyumbani. Mama akasema, "Angalau mmoja ameingia." Jioni akakaa na sindano, akaipunguza sketi yangu.

Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea mtoto yule. Asubuhi alipita mbele yangu na sketi yangu, mimi nikiwa na ndoo kuelekea bwawani. Jioni alichora herufi mchangani kwa kijiti, na mama, aliyekuwa anasoma kisomo cha watu wazima, alichuchumaa kando yake wakasoma pamoja, wakicheka. Kwangu mama alikuwa na maneno ya maji na kuni tu. Nilipopita na ndoo nilizikanyaga zile herufi, na sikuomba radhi.

Wiki haikuisha, mama akanifumua. Kichwa kilipokuwa chepesi nikapitisha mkono, na sikio likajaa kiganjani.

"Mama, tazama!"

Alitazama, nyuzi zikiwa bado mapajani mwake. Mimi nikatoka mbio hadi shuleni na nywele zimetimka, nikasimama mlangoni mwa darasa nimeshika sikio.

"Darasa limejaa," mwalimu alisema. "Nimekwambia mwakani."

Watoto wakacheka. Mdogo wangu, kwenye benchi la mbele, alicheka nao.

Mwakani niliingia, kweli. Lakini yeye alikuwa darasa la pili, na kila mwalimu aliyekuja aliniambia nimwige dada yangu. Nilieleza mwanzoni kwamba mkubwa ni mimi, kisha nikachoka. Yeye hakueleza hata mara moja.

Sasa anaishi Korogwe na mimi nimebaki kijijini. Majuzi nilimtembelea, tukaenda pamoja kwenye msiba wa jirani yake. Binti mmoja akatupokea mlangoni, akapiga goti mbele ya mdogo wangu: "Shikamoo, mama mkubwa." Kisha akanigeukia mimi: "Shikamoo, mama mdogo."

Nilimtazama mdogo wangu, nikingoja amsahihishe.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, akatangulia kuingia.