Maziwa yangu yalinuka petroli na ng'ombe hana kosa: tulichopata cha kusafishia cheni ya baiskeli

Wakuu, heshima kwenu, na wamama wenzangu mliomo humu. Hii ni ya kwangu mwenyewe, sijaiokota WhatsApp. Niko Goma, mtaa wa Mapendo.

Nauza maziwa. Mume wangu anayachukua Kibati kwa mfugaji mmoja mzee, anashuka nayo kwa baiskeli, bidon, yaani madumu, zimefungwa nyuma. Mimi nachemsha na kuuza hapa nyumbani. Ndiyo kazi inayotulisha.

Wanaoijua barabara ile wanalijua vumbi lake. Ni mchanga wa volkano, mweusi, unakwaruza kama msasa. Ukikutana na oil ya cheni unakuwa uji mzito, na baiskeli inalia njia nzima.

Asubuhi moja mteja wangu mkubwa, Mama Zawadi mwenye mgahawa, alinirudishia kikombe mbele ya watu.

"Mama Neema, hii maziwa iko nanuka essence. Ng'ombe yenu inakunywaka ku station?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa sahihi, petroli ilinuka kweli. Mama Zawadi akahamia kwa muuzaji mwingine, wengine wakamfuata, na mimi nikabaki namwaga maziwa. Kwetu kumwaga maziwa kunauma, nyie acheni tu.

Mume wangu akatoa hukumu: "Ule muzee wa Kibati ndiye anatuharibishia."

Nikapanda moto, yaani pikipiki, mpaka Kibati na hasira zangu zote, mume wangu akiwa ametangulia na baiskeli. Yule mzee hakubishana. Alinimiminia kikombe tu. "Onja, mama."

Maziwa safi kabisa.

Sasa tunajiandaa kurudi. Mume wangu akatoa kachupa ka petroli, akalowesha kitambaa, akasugua cheni mpaka ikang'aa. Halafu, wakuu, kitambaa kilekile akakizungusha kwenye mdomo wa bidon na kukaza kifuniko juu yake.

"Papa Neema, unafanya nini?"

"Nakaza, isimwangike mu njia."

Nilimwomba mzee radhi palepale. Mume wangu sikumwambia kitu mbele za watu. Nyumbani aliyasikia yote.

Petroli nikaipiga marufuku. Hata bila maziwa, sisi hapa nyumba ni za mbao, zimebanana, na mbabula, jiko letu la makaa, inawaka mlangoni. Yeye akauliza, sasa cheni nitasafisha na nini? Swali la haki, tukaanza kujaribu.

Maji ya majivu yanakata mafuta kweli, ila yalimchubua vidole, na vyuma vya alumini vikapauka. Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, msiguse, cheni ilishika kutu upesi. Sabuni ya unga siyo mbaya, inataka maji mengi tu, na maji hapa tunayabeba.

Iliyoshinda ni sabuni ya mche, ile ya mawese tunayofulia. Kwanza unafuta uji kwa kitambaa kikavu. Unakwangua sabuni kwenye maji ya moto, unasugua kwa mswaki wa zamani, unasuuza, unaanika juani hadi ikauke kabisa. Mwisho tone dogo la oil ya cherehani kwenye kila kiungo, na ya ziada unaifuta, maana ndiyo inayoita vumbi. Breki usizitie oil, mteremko wa Kibati hauna mchezo.

Na msiende kuoshea Kituku, kule ziwani. Pale watu wanachota maji ya kunywa.

Mama Zawadi nilimpelekea kikombe mwenyewe. Alinusa kwanza, tena kwa muda mrefu. Akanywa. Kisha akaniletea bidon yake tupu nimjazie, nami nilifurahi hadi nikasahau kuaga.

Nilichojifunza: cha kusafishia chuma kikae mbali na chakula, pamoja na kitambaa chake.

Ninyi mnaobeba samaki, mikate na maziwa kwa baiskeli, cheni mnasafishia nini? Karibuni mseme. Ila kabla hujaandika, nusa kwanza mikono yako.